Pampu husukuma, haivuti: njia ya petroli kwa injini ya LS ndani ya C10 ya 1970

Swali la msomaji: "Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya Chevrolet C10 ya 1970 iliyokuwa na injini ya silinda sita ya kabureta. Nimeitoa, sasa nafunga V8 ya lita 5.3 ya familia ya LS ya General Motors, iliyotoka kwenye Silverado ya 2002. Nitabadili kamshafti, nategemea kufika nguvu farasi 400, na Mungu akijalia baadaye nitaweka turbo. Kila ninayemuuliza ananiambia nitafute pampu kubwa kuliko zote, niifunge kwenye chasisi, kisha nitumie paipu zilezile za zamani. Ni sawa? Ninunue pampu ipi na paipu za namna gani?"

Ndugu yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kununua. Wengi hunifikia gari likiwa limeshazima barabarani, na hela zimeshakwenda. Ushauri uliopewa una makosa matatu, na ningependa tuyapitie yote, ila kubwa zaidi ni hilo la kufunga pampu popote kwenye chasisi.

Kwanza tuangalie kilichobadilika. Injini yako ya zamani ilikuwa na pampu ya kiwambo ubavuni mwa bloku, ikiendeshwa na kamshafti. Ilinyonya petroli toka tangini na kuipeleka kwenye kabureta kwa presha ndogo, PSI 5 hadi 7 hivi, ambayo haifiki hata nusu baa. Kabureta ina bakuli lenye boya, na bakuli hilo ndilo akiba. Pampu ikimeza hewa kidogo, injini inaendelea kunywa kilichomo bakulini na wewe hujui kama kuna lililotokea. LS haina akiba hiyo. Injekta zake, vile vipulizio vya petroli vilivyochukua nafasi ya kabureta, zinataka takriban PSI 58, yaani baa 4, muda wote. Hewa ikipita kwenye reli ya injekta, yaani paipu linalozigawia petroli, hata kwa nusu sekunde, injini inamisi pale pale. Tena bloku ya LS haina mahali pa kufungia pampu ya kuendeshwa na kamshafti, kwa hiyo pampu ya umeme ni lazima.

Hesabu ya ukubwa wa pampu ni nyepesi, fanya mwenyewe usimwachie muuzaji. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, hula karibu lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Nguvu farasi 400 ni lita 120 kwa saa. Ongeza robo kwa ajili ya uchakavu, joto na volti kushuka, unapata lita 150. Ukiweka turbo, hesabu lita 0.37 kwa kila nguvu farasi, kwani injini ya turbo hupewa petroli nyingi zaidi ili ipoe. Nguvu farasi 550 zitataka lita 204, na ukiongeza robo unafika kama 255. Petroli yenye ethanoli nyingi, ile ya asilimia 85, inadai theluthi nyingine juu ya hapo.

Lakini lita ngapi, kwa presha ipi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu mara nyingi imepimwa kwa presha ndogo kuliko utakayotumia. Presha ikipanda, mtiririko unashuka. Pampu inayoitwa ya 255 haitatoa 255 kwa baa 4, itatoa pungufu. Kwa turbo mambo yanakaza zaidi, maana regulata, kifaa kinachoshikilia presha kwa kurudisha petroli ya ziada tangini, inapaswa kupandisha presha ya petroli sambamba na presha ya turbo: ikisukuma baa 0.7, pampu yako inafanya kazi dhidi ya baa 4.7. Kwa hiyo mwombe muuzaji grafu ya pampu, uiangalie kwenye mstari wa presha yako na kwa volti 13.5. Asiye na grafu, usinunue kwake. Pampu bandia za majina makubwa zimejaa sokoni, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Basi kwa nini nisikwambie uchukue kubwa kuliko zote umalize? Kwa sababu ya joto. Injini yako ikiwa imesimama inanguruma taratibu, inakula lita mbili tatu tu kwa saa. Pampu ya lita 200 itazirudisha zile nyingine zote tangini, baada ya kupita kwenye mota ya pampu na, kama regulata iko mbele, juu ya injini yenye moto. Tangi likibaki na lita 20, petroli ile ile inazunguka karibu mara kumi kwa saa, na kila mzunguko inaongeza joto. Petroli huanza kuchemka mapema sana, sehemu zake nyepesi zinaanza kugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 35 hivi. Ukiwa kwenye foleni siku ya jua kali, pampu inaanza kulia kwa sauti nyembamba, halafu injini inakosa nguvu. Mwenye gari anadhani pampu ni ndogo, anakwenda kununua kubwa zaidi, na tatizo linazidi. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Nirudi sasa kwenye lile kubwa. Pampu za umeme za injekta ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Zinapovuta, presha upande wa kuingilia inashuka chini ya ile ya hewa ya kawaida, na petroli yenye presha ndogo huchemka upesi zaidi. Pampu inajikuta inameza mvuke, na mvuke hauilainishi wala hauipozi, kwani petroli yenyewe ndiyo inayopoza mota na kulainisha sehemu zake. Pampu iliyofungwa mbele karibu na injini, ikivuta mita tatu za paipu jembamba, itakufa mapema hata iwe ya bei gani. Kama ni lazima ikae nje ya tangi, ifunge nyuma kabisa, jirani na tangi, na iwe chini ya usawa wa petroli ili petroli iijie yenyewe kwa kushuka. Upande huo wa kuingilia paipu liwe pana, angalau inchi 1/2, na filta yake iwe ya matundu makubwa, mikroni 100 hivi. Filta ndogo ya mikroni 10 kazi yake ni baada ya pampu, kulinda injekta. Ukiiweka kabla ya pampu, umeinyonga.

Mimi nakushauri usiiweke nje kabisa. Iweke ndani ya tangi. Inapozamishwa kwenye petroli inapoa, haipigi kelele, na suala la kuvuta linakwisha. Na gari lako lina sababu ya ziada: kwenye C10 za mwaka 1967 hadi 1972 tangi lilikaa ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Sitaki ukae na makumi ya lita za petroli mgongoni, ukiongeza na pampu ya baa 4 na viungio vyake ndani ya chumba unachopumulia. Lihamishie nyuma, chini ya bodi, katikati ya reli mbili za chasisi. Matangi ya kazi hiyo yanatengenezwa mahususi kwa pikapu hizi, yakiwa na nafasi ya pampu ya ndani na vizuizi vya mawimbi. Hela uliyotaka kuiweka kwenye pampu kubwa kuliko zote, iweke hapa.

Vizuizi hivyo usivichukulie kama pambo. Nilishawahi kufunga injini ya injekta kwenye gari la zamani lenye tangi pana, tambarare, tupu kabisa ndani. Siku za majaribio lilikwenda vizuri. Petroli iliposhuka chini ya robo, kila kona ndefu ya kushoto lilikuwa linakata kwa sekunde moja, kisha linashika tena. Nilibadili pampu, nikabadili rilei, nikasumbuka wiki mbili. Kumbe kwenye kona petroli yote ilikuwa inakimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu unabaki unavuta hewa. Dawa ilikuwa kikombe kidogo kuzunguka pampu, chenye mdomo wa paipu la kurudishia ukimwagia humo humo, ili pampu ibaki imezama hata tangi likilala. Mtu asiyeweza kubadili tangi hufunga kitangi cha akiba cha lita moja au mbili: pampu ndogo ya presha ya chini inakijaza toka tangi kuu, na pampu ya presha ya juu inavuta kutoka humo. Inafanya kazi, ila ni pampu mbili, nyaya mara mbili na viungio vingi zaidi vya kuvuja. Kwako sioni haja.

Tangi liwe na njia ya kupumua, yenye vali inayojifunga gari likipinduka. Njia hiyo ikiziba, pampu inatengeneza ombwe na tangi jembamba linaweza hata kubonyea. Na kama utaamua kulirekebisha la zamani, nakuomba sana: lisiguswe na moto wa kuchomelea. Tangi lililowahi kuwa na petroli lina mvuke hata kama limekaa tupu miezi, na mvuke huo hulipuka. Kuna mafundi wenye vifaa vya kulisafisha na kulipima kwanza.

Kuhusu paipu, zile za zamani ziache. Zina zaidi ya miaka 50, kutu ya ndani huioni, na zilikusudiwa presha ndogo. Kwa nguvu farasi 400 hadi 500 hivi, paipu la inchi 3/8 la kupeleka linatosha vizuri. Kama turbo ni jambo umeshaliamua moyoni, laza inchi 1/2 sasa hivi na 3/8 ya kurudishia. Kanuni yangu ni hii: paipu uzilaze kwa ajili ya injini ya kesho, pampu uinunue kwa ajili ya injini ya leo. Pampu unaibadili kwa saa moja. Paipu ukitaka kuzibadili, utafungua nusu ya gari.

La kurudishia usilibane. Wapo wanaoliacha paipu dogo la zamani kwa hoja kwamba ni la mabaki tu. Lakini injini ikiwa inanguruma taratibu, karibu petroli yote ya pampu inapita humo. Likiwa jembamba, lenyewe linakuwa kizuizi: regulata imefunguka hadi mwisho na bado presha inapanda, injini inakunywa kupita kiasi, moshi mweusi unatoka, na ukigeuza skrubu ya regulata hakuna kinachobadilika.

Malighafi ninayoipenda kwa sehemu ndefu chini ya gari ni paipu gumu la chuma kisichoshika kutu, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli ambalo linapindika kirahisi. Shaba tupu hapana: inakuwa ngumu na kupasuka kwa mtikisiko, na inaharakisha petroli kuganda utomvu. Alumini laini ni nyepesi, lakini inachoka na kuliwa na chumvi. Paipu za nailoni kama za magari mapya ni nzuri sana zikifungwa kwa vifaa vyake halisi, mbali na joto.

Mpira utumie sehemu fupi tu: kutoka kwenye tangi, na pale chasisi inapokutana na injini, kwa kuwa injini inatikisika na paipu gumu litapasuka hapo. Soma maandishi yaliyopigwa juu ya mpira wenyewe. SAE J30R7 ni wa kabureta, kiwango chake ni PSI 50, hivyo hata kabla hujawasha umeshavuka mpaka. Unaoutaka ni J30R9, wa PSI 100, wenye ngozi ya ndani inayohimili ethanoli. Ndani ya tangi hata huo haufai, kwa sababu ngozi yake ya nje haikutengenezwa kuzamishwa. Huko unatumika J30R10. Kipande cha sentimita kumi cha mpira usio sahihi ndani ya tangi kinalainika, kinapasuka, na pampu inabaki inazungusha petroli humo humo huku geji ya presha ikisoma sifuri.

Mpira uliosukiwa waya wa chuma unapendeza, lakini cha kuangalia ni kilichomo ndani. Wenye mpira wa kawaida ndani unapenyeza mvuke, na baada ya mwaka mmoja au miwili gereji yako itanuka petroli. Wenye teflon haunuki na unadumu, ila hakikisha ni ile teflon nyeusi yenye kaboni inayopitisha umeme. Petroli inayokimbia ndani ya teflon nyeupe hukusanya umeme tuli, nao hutoboa vitundu vidogo mno kuufuata ule waya wa nje.

Namba za viungio vya AN zisikuchanganye. Huo ni mfumo uliotokana na ndege za kijeshi za Marekani, na namba ni idadi ya sehemu za 1/16 za inchi za upana wa nje wa paipu gumu: AN-6 ni inchi 3/8, AN-8 ni inchi 1/2. Mdomo wa paipu kwa AN unapanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37. Viungio vingi vya kawaida vya magari ni nyuzi 45. Vinaweza kukubali kufungana na ukaona vimekaa, kisha vikavuja gari likipata moto. Utepe wa teflon usiuweke kwenye AN, kwa sababu kinachoziba ni zile koni mbili na si nyuzi za skrubu, na vipande vya utepe vitaishia kwenye injekta. Pale penye mpira na klipu, tumia klipu za injekta zinazobana sawasawa pande zote, na paipu liwe na ukingo uliotuna mwishoni ili mpira usichomoke.

Unapolaza, kaa upande wa ndani wa reli ya chasisi, mbali na ekzosi, na pia mbali na eneo la flaiwili: klachi ikipasuka vipande vyake hukata kila kilicho jirani. Klipu kila sentimita 40 hivi, na kila tundu la bati unalopita liwe na mpira wa kinga.

Injini yako ni ya 2002, kwa hiyo reli yake ya injekta inapaswa kuwa na regulata pamoja na mdomo wa kurudishia. Una njia mbili. Ukiiacha hiyo, peleka paipu la kurudishia toka injini hadi tangini. Ukipima presha injini ikinguruma taratibu itasoma pungufu ya 58, hiyo ni kawaida, kwani regulata inafuata ombwe la manifoldi. Chomoa kimpira cha ombwe ndipo usome namba halisi. Njia ya pili ni filta yenye regulata ndani yake, ile iliyotumika kwenye Corvette za 1999 hadi 2003. Inafungwa karibu na tangi, inarudisha petroli hapo hapo nyuma, na paipu moja tu linakwenda mbele. Petroli inabaki baridi na kazi inapungua nusu. Ubaya wake ni kwamba presha yake haibadiliki, haijui habari za turbo, na ukiichagua itabidi uondoe regulata ya kwenye reli. Kwa kuwa unaota turbo, mimi ningelaza paipu mbili na kuweka regulata ya kurekebishika yenye kimpira cha manifoldi. Kama turbo ni ndoto tu, chukua ya Corvette na uendeshe gari lako kwa raha.

Nyaya zimeua pampu nyingi nzuri. Pampu ya baa 4 inavuta ampea kama 10. Kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita tano unapoteza zaidi ya nusu volti kabla hujahesabu waya wa kurudi, na pampu ikipungukiwa volti inapungukiwa lita. Vuta waya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja toka betri, fyuzi ikae karibu na betri, rilei karibu na pampu, na waya wa hasi ufike kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Rilei iamrishwe na kontrol boksi ya injini, ambayo inawasha pampu sekunde mbili tatu unapofungua swichi, kisha inaizima isipoona injini ikizunguka. Ongeza swichi ya mshtuko inayokata umeme gari likigongwa. Pampu isiyo na kinga hizo inaweza kuendelea kumwaga petroli juu ya injini moto baada ya ajali, wakati wewe umebanwa kwenye usukani.

Kabla ya kupiga stata kwa mara ya kwanza, weka kizimamoto karibu, milango ya gereji iwe wazi. Fungua na ufunge swichi mara tano sita, kisha pita na tochi na karatasi kavu kwenye kila kiungio. Halafu chomoa paipu la kurudishia, lielekeze kwenye dumu, iendeshe pampu sekunde 30 kwa rilei, ukiwa umeunganisha chaja kwenye betri na presha imesimama kwenye baa 4. Lita moja kwa sekunde 30 ni lita 120 kwa saa. Wewe unahitaji angalau lita moja na robo. Ikipungua, usiende dukani kwanza: pima volti kwenye miguu ya pampu yenyewe ikiwa inazunguka, kisha angalia upande wa kuingilia.